Nilivyolima Ngoro Chini ya Karavani ya Bi Saada

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Nguo zenyewe ninazo mwilini, zimelowa tu. Naandika haraka kabla video haijawafikia, maana pale ufukweni kila mtu alikuwa ameinua simu (na watu hao niliwakusanya mwenyewe, mtaona). Bora mnisikie mimi kwanza. Mkishindwa kujizuia kucheka, angalau chekeni mkiwa mmekaa.

Kwa wasionijua: naitwa Longino, mtoto wa Litembo, juu kabisa Umatengoni, kule ambako chungwa likikuponyoka mkononi unalisamehe tu. Miaka minne nimeendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka. Kazi ya lori haikuachi ulale kwako. Siku moja nimerudi baada ya wiki tano, binti yangu Kolumba, wa miaka mitatu, akatoka mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akakunja magoti kwa adabu.

"Shikamoo mjomba."

Nikaitikia marahaba. Ningesema nini? Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya naangalia migomba, nikakaa huko mpaka macho yakakauka. Mwezi uleule nikaacha lori.

Ndipo nikasikia Bi Saada anatafuta dereva. Bi Saada ana duka la vitambaa na vyombo Mbinga mjini. Babu zake walitoka pwani, yeye kazaliwa hapahapa. Ana miaka sitini na kitu, haongei sana, na akikutazama kwa sekunde tatu unaanza kukumbuka dhambi za utotoni. Kazi yake nzuri: unapeleka mzigo, unaleta mzigo, jioni uko kwako unakula na mkeo na mwanao. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Siku ya kuulizwa maswali kwenye usaili, akaniambia anajenga nyumba ya wageni kule ziwani, hivyo dereva wake atapita sana kwenye mchanga. Je, mchanga naujua?

"Mama, mchanga nimezaliwa nao," nikasema.

(Litembo hakuna mchanga. Mchanga unaletwa na lori mtu akitaka kujenga, na jirani wote tunatoka kwenda kuutazama.) Nikapewa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi wenyewe unaisha Jumamosi hii. Sasa mnaelewa nimeanza leo nikiwa na hali gani.

Leo asubuhi nafika dukani, nakuta kitu cheupe kimeegeshwa nje na nusu ya Mbinga imekizunguka. Karavani. Yaani nyumba ya bati yenye magurudumu, inavutwa na gari. Bi Saada aliinunua kwa wageni fulani waliokuwa wanaondoka nchini. Ndefu kama Noah mbili zilizopangwa mkia kwa kichwa. Ndani kuna kitanda, sinki, kabati, mpaka mapazia ya maua. Wageni wa kwanza wa Bi Saada wanafika kesho, vyumba vyake bado havijaezekwa, kwa hiyo karavani ndiyo chumba. Na mwenye kuifikisha ni mimi.

Nikajikaza kisabuni. Nikaifunga nyuma ya Landkruza, nikakagua taa, nikaenda kwa fundi nikajaza tairi zote upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Ndivyo tulivyofanya kwenye makaa: mzigo mzito, tairi ngumu. Bi Saada akapanda mbele na kikapu chake, chupa yake ya chai, birika lake na mwavuli wake. Tukaondoka.

Sasa kwenye lami niacheni nijisifu kidogo, maana ndiyo sehemu pekee ya leo ninayoweza kuisimulia nikiwa nimeinua kichwa. Zile kona za kushukia Mbamba Bay mnazijua. Mlima upande huu, bonde upande ule, na nyuma yangu nyumba nzima inasukuma. Nilishuka kwa gia nzito, breki naigusa tu, kona nazichukua kwa upana, lori likija nalipisha mapema. Bi Saada alisinzia. Ndugu zangu, mtu kusinzia kwenye zile kona ni cheti. Tulipofika chini akafungua macho, akaliona ziwa, akasema naendesha vizuri. Nikavimba kichwa.

Mimi ziwa silipendi. Niseme tu ukweli, si tumeshaumbuka? Sijui kuogelea, na kwetu maji tunayaona kwenye ndoo, yakiwa yametulia. Tuliposhika barabara ya vumbi kuelekea kaskazini, likawa liko kushoto kwangu muda wote, linapumua. Kila tulipolisogelea, mikono yangu ilikaza usukani yenyewe.

Saa nane na nusu hivi tukafika kijijini. Barabara ikaishia pale, mbele kukabaki alama mbili za matairi zinazoingia mchangani. Kiwanja cha Bi Saada kiko kwenye ulimi mrefu wa mchanga. Kushoto ziwa, kulia kinamasi cha mto chenye matete. Wenyeji wanapaita kisiwani, kwa sababu masika mto ukijaa maji yanapazunguka pande zote. Kutoka mwisho wa barabara mpaka kiwanjani ni mwendo wa kutembea dakika kumi. Mimi nimetumia karibu saa tatu.

Pale mchanga unapoanza alikuwepo mama mmoja mtu mzima anageuza usipa kwenye chanja. Wale dagaa wa ziwani wamejaa wanakauka, harufu tamu. Baadaye nikajua anaitwa Mama Faraja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaja mpaka gurudumu la mbele, akalibonyeza kwa kidole gumba. Halafu akalipiga kibao.

"Baba, punguza upepo," akaniambia. "Hizi tairi zitachimba."

Bi Saada akanigeukia. Akauliza kwa upole tu, "Longino, unasikia mama anavyosema?"

Jamani. Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa habari hii. Ningesema, sawa mama, nifundishe. Moyoni niliogopa mchanga ule kwa sababu nilikuwa nimeukanyaga na kiatu kikazama. Lakini nikaiona Jumamosi. Nikajiona nimerudi kwenye lori, Kolumba ananiamkia kwa magoti. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema kwamba ushauri huo ni wa pikipiki, gari lenye mzigo halipunguzwi upepo, mama asiwe na wasiwasi.

Bi Saada akasema haya. Mama Faraja akarudi kwenye usipa wake.

Nikaweka fowili, magurudumu yote manne yavute. Nikaingia.

Hatua mia za kwanza zilikwenda, nikaanza hata kupiga mluzi. Kisha nikahisi usukani umekuwa laini, wenyewe unakwenda unakotaka. Karavani ikaanza kunivuta nyuma. Nikakanyaga mafuta. Injini ikalia, mchanga ukaruka mpaka kwenye kioo cha nyuma, na gari likashuka. Halikwenda mbele, halikwenda nyuma, lilishuka tu. Nikakanyaga tena (dereva wa makaa hana dawa nyingine), likashuka zaidi. Nilipofungua mlango, mlango ulikwangua mchanga.

Tulikuwa tumesimama hatua kama sita kutoka majini. Na upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Wenyeji waliniambia baadaye kwamba upepo ule huanza kila mchana na hakuna anayeujali. Mimi nilikuwa naona mawimbi tu, kila moja linasogea likinong'ona, linarudi, linasogea tena karibu kidogo. Nikawaza: karavani ya Bi Saada inakwenda ziwani, na mimi ndiye niliyeileta.

Bi Saada akashuka taratibu. Akatazama magurudumu. Akageuza ndoo, akaikalia, akafungua mwavuli.

"Sasa?" akauliza.

Neno moja tu. Akasubiri jibu. Ningeweza kusema sijui hata pale, nafasi ilikuwa pana. Nikasema, "Mama, hii ni kazi ndogo. Kwetu tunashikilia mlima mzima usiporomoke, utakuwa mchanga?"

Ngoja niwaeleze wasiojua kilimo chetu. Umatengoni mashamba yako kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anashika breki. Mvua ingekwisha kuusomba udongo wote kama si ngoro. Unafyeka majani, unayapanga chini kwa viraba, viraba vya ukubwa wa kitanda. Katikati ya kila kiraba unachimba shimo, na udongo wake unafunikia yale majani. Mlima unabaki na mashimo mashimo, kingo zake zimeshikwa na majani, juu ya kingo unapanda maharage. Udongo hauendi popote. Babu yangu kalima hivyo, baba kalima hivyo, mimi nimelima hivyo mpaka nilipopata leseni. Akilini mwangu kitu kilikuwa wazi kabisa: mchanga unatoroka chini ya gurudumu. Dawa ya udongo unaotoroka ni ngoro.

Nikaita watu. Wakaja wengi, ufuko mzima, wavuvi, akina mama, wapita njia. Nikaomba majembe, na Mama Faraja mwenyewe akaniletea lake. Akanipa kwa mikono miwili, uso umetulia sana. Nilidhani ananistahi.

Tukafyeka matete kutoka kinamasini. Nikayapanga viraba kuzunguka magurudumu yote ya karavani, pembe nikazifunga mafundo, nikawaonyesha pa kuchimba. Nilikuwa nimevua shati. Nilikuwa naamrisha. Nikawaeleza Wanyasa wa watu jinsi wazee wetu walivyofuga mlima, na wao wakawa wanasikiliza huku wameegemea majembe. Mzee mmoja mvuvi akauliza kwa adabu kama ningependa pia mbegu. Watu wakaangalia pembeni. Nikamjibu kwamba hapana, leo tunashikilia tu. (Nilimjibu kwa uzito! Naikumbuka sura yangu na natamani kuhama mkoa.)

Ilipokaribia saa kumi Bi Saada akatazama jua, akainuka kwenye ndoo, akaenda ziwani kutawadha kwa birika lake. Akaniambia anaingia kwenye karavani kuswali alasiri, pana sakafu safi na hakuna upepo. Nikamfungulia mlango, nikamwekea jiwe la kukanyagia. Karavani ilikuwa imeelekea kaskazini, kwa hiyo kibla kilikuwa hukohuko kwenye kitanda. Akaingia, akafunga mlango. Kupitia pazia nikaona kivuli chake kimesimama, mikono ikapanda.

Nikarudi kwenye mashimo. Na kwenye shimo la kushoto, upande wa ziwa, nikaona kitu kinang'aa chini.

Maji.

Nikajiambia ni jasho langu. Nikachota kwa kiganja nikamwaga. Yakarudi. Nikachota kwa ndoo. Yakarudi kwa furaha. Nikatazama shimo la pili: maji. La tatu: maji, na kiumbe fulani kidogo tayari kinaogelea. Hapo ndipo, baada ya kuzaliwa Mmatengo na kulima ngoro tangu utoto, nikakumbuka ngoro inachimbwa ili ifanye nini. Inachimbwa ikusanye maji. Ndiyo kazi yake yote. Nami nilikuwa nimechimba kumi na moja, hatua sita kutoka ziwani, na kuzizungushia nyumba ya tajiri wangu. Na tajiri mwenyewe yuko ndani, rakaa ya kwanza.

Mchanga wa kingo ukaanza kumegeka. Si kwa kishindo, ulikuwa unateleza taratibu bila sauti, unaingia shimoni. Gurudumu la kushoto likafuata. Karavani ikainamia ziwani kiasi cha upana wa kiganja, ikasimama. Ndani sahani zikagongana kabatini.

Nikaruka nikaiegemea kwa bega upande uliolala, nikawapungia watu mikono waje. Mvuvi mmoja akavuta pumzi amwite Bi Saada. Nikamziba mdomo! Utamkatizaje mtu swala? Mimi Mkatoliki, lakini nimelelewa; padre akiwa altareni hupigi kelele hata kanisa likivuja. Nikaweka kidole mdomoni, nikawageukia wote, na watu wote wa ufukweni wakanyamaza. Hata waliokuwa wanacheka walicheka kwa mabega. Wanaume wanane tukaegemeza mabega kwenye bati, kimya, maji yanatupanda kwenye vifundo vya miguu.

Kivuli kikainama. Kikasujudu. Kila aliposujudu, uzito ulihama na karavani ikatulemea zaidi kidogo. Alasiri ina rakaa nne. Hilo nililijua kutoka kwa jirani zangu mjini. Nikahesabu. Sijawahi katika maisha yangu kufuatilia ibada kwa makini namna ile. Na Bi Saada haswali haraka haraka kama watu wenye safari. Anaswali kama mtu aliye nyumbani kwake, na mimi namheshimu kwa hilo, ila leo nilitamani awe na safari. Rakaa ya pili, gurudumu likazama nusu. Rakaa ya tatu, wimbi likaja mpaka kwenye shimo la kwanza, likamwagika ndani, likatuacha. Nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo. Ndani mtu anamwomba Mungu, nje mtu anamwomba Mungu, katikati bati jembamba. Niliwaza: akipinduka humo, nitamwambia nini mwanawe? Nitamwambia nilikuwa nalima?

Rakaa ya nne. Akakaa. Akatoa salamu upande wa kulia. Kisha akageuka kushoto, kwenye dirisha, na pazia lilikuwa limesogea kwa ule mwinamo. Akakutana na uso wangu umebanwa kwenye kioo, shavu limetandazika, jasho linachuruzika.

Akamaliza salamu yake kwanza. Halafu akafungua dirisha kidogo.

"Longino. Mbona chumba kimelala?"

Nikasema ni kidogo tu, mama, lakini ingekuwa vizuri ashuke. Akaja mlangoni, viatu mkononi. Akafungua. Jiwe nililomwekea halikuwepo tena, lilikuwa limezama. Chini ya mlango kulikuwa na ngoro yangu kubwa kuliko zote, imejaa maji ya kahawia, matete yanaelea juu.

Akayatazama maji. Akanitazama mimi. Zile sekunde tatu zake.

Nikasema nitambeba. Sikufikiri, nilitaka tu atoke mle ndani salama. Nikageuka, nikampa mgongo, nikarudi nyuma hatua moja, nikaingia shimoni.

Chini hapakuwa na chini. Mguu ukapita kwenye matete, ukazama, wa pili ukaufuata, nikaenda mzimamzima nikiwa nimeelekea ziwani, na palepale wimbi likaja likanipiga usoni. Nikameza. Nikataka kusimama, kitu kikanikamata mguu wa kulia. Kikakaza. Nilipovuta, nacho kikavuta.

Mamba. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilikuwa nimesikia habari za mamba wa mdomo wa ule mto njia nzima.

Sasa hapa ndipo penye video. Mtu wa kwetu akiona anakufa na padre hayupo, anaungama kwa aliye karibu. Aliye karibu alikuwa Bi Saada, mlangoni, na watu wote wa kijiji kile. Nikapiga kelele nikiwa nimeshika ukingo wa majani:

"Mama, nisamehe! Mchanga siujui! Nilidanganya! Mchanga nimeuona kwenye ujenzi tu! Nilitaka nilale kwangu, mama, mwanangu ananiita mjomba! Mwambie mke wangu Redempta nilikuwa nampenda!"

Na mengine. Nilitaja pia kuku wa shangazi yangu, nilipokuwa na miaka tisa. Sina haja ya kuyarudia, yamerekodiwa.

Kisha nikasikia sauti ya Mama Faraja juu yangu, imetulia kabisa.

"Baba, simama."

Nikamwambia siwezi, kimenishika.

"Simama tu."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Kwenye kifundo cha mguu wa kulia kulikuwa na fundo la matete. Nililifunga mwenyewe, kwa mkono wangu, fundo letu la Kimatengo lisilofunguka kirahisi.

Hapo ufuko mzima ukaangua kicheko. Wanaume wa mabega waliiachia karavani kwa kucheka, na karavani ikalala kidogo tena, na wakacheka zaidi. Mzee wa mbegu alikaa chini mchangani. Mimi nimesimama katikati ya shamba langu, naloa, sijui pa kuweka mikono. Nilikuwa hai, na nilitamani nisiwe. Bi Saada hakucheka. Akaweka viatu vyake kwenye kikapu, akavuka yale maji kwa miguu yake, akaenda kukaa kwenye ndoo.

Mama Faraja akashika kazi. Akavunja kijiti kwenye chanja lake, akabonyeza vali, tairi ikapumua. Akaenda ya pili, ya tatu, zote, za gari na za karavani, mpaka matumbo yake yakatandazika mchangani. Akatuamuru tufukie ngoro zote, moja moja. Wakaleta kamba za nyavu na mikeka mikuukuu. Watu arobaini wakashika, wakaimba wimbo wao wa kuvutia nyavu, mimi usukani. Akaniambia vitu vitatu: usikanyage mafuta kwa hasira, usikate kona, usisimame. Kisha akatangulia mbele ya gari, peku, ndani ya alama ya gurudumu, nami nikafuata visigino vyake kwa mwendo wake. Tulifika kiwanjani bila gurudumu kuteleza hata mara moja. Karavani imesimama wima, mapazia ya maua, sahani mbili tu zimevunjika.

Nikaenda kwa Bi Saada. Nilikuwa nimeshika funguo za gari mkononi, tayari kumpa. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba yote aliyosikia shimoni ni kweli, isipokuwa mamba.

Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi kwanza.

"Mama Faraja nilimpigia simu jana," akasema. "Nilimwambia atusubiri pale mchanga unapoanza."

Sikuelewa. Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nangoja useme hujui. Nikangoja mwanzo wa mchanga. Nikangoja ulipokwama. Nikangoja ulipoanza kulima. Alasiri ikanikuta bado nangoja."

Nikamuuliza, je, hakuhisi nyumba inalala akiwa ndani? Akasema alihisi, na angekatiza swala, hatari inaruhusu. Lakini alisikia nje kumetulia kabisa, hakuna hata mtu anayekohoa, akajua hakuna shida. (Nilikuwa nimemziba mdomo mvuvi kwa mkono wangu.)

Kisha akasema madereva wote waliokuja kuomba kazi walimwambia wanaujua mchanga, na wote ni wa milimani. Yeye hakuwa akitafuta mtu wa mchanga, wa mchanga anaye. Alikuwa anatafuta wa zile kona. Nikabaki nimeshika kile kifuniko, chai inamwagika.

"Funguo ni zako," akasema. "Jumamosi njoo kazini kama kawaida. Leo utalala kwako. Lakini Longino, siku nyingine usipojua kitu, uniambie ukiwa bado mkavu."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaenda nyuma ya Landkruza, nikajifanya naangalia tairi.

Hivi sasa karavani tumeiacha kiwanjani, tumerudi mwisho wa barabara, nimemaliza kuzijaza upepo tairi zote za gari kwa pampu ya mguu, nimekaa kwenye kivuli cha gari naandika. Redempta nimeshamwambia, amecheka mpaka simu ikakatika. Ziwa liko palepale. Bi Saada ameagana na Mama Faraja, amepanda, amefunga mlango. Sasa hivi ametoa kichwa dirishani akaniuliza kama njia ya kurudi Mbinga naijua.

Njia ni moja. Nimeipita asubuhi.

Nimemjibu, "Sijui, mama. Tuulize."